Kishikio Kilichoandikwa BARIDI

Mshale ulipogusa mstari mwekundu, mzee alizima injini. Hakushuka. Alikaa vilevile ndani ya ndege, mikono juu ya mapaja, akiisikiliza injini ikipoa. Injini yenye moto ina sauti zake ikishazimwa: ti, ti, ti, kama mtu anayegongagonga sufuria kwa ukucha. Alizisikiliza mpaka zikaisha. Baada ya hapo hapakuwa na sauti nyingine.

"Imechemka tena," alisema.

Kiti cha pembeni yake hakikujibu. Mkanda wake ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya mto, kama alivyouacha mwenyewe aliyekuwa akikikalia.

Mzee huyu alikuwa fundi wa injini za mabasi tangu hajaota ndevu mpaka alipostaafu na mvi kichwani. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani, pale barabara inapogonga ua wa kiwanja kidogo cha ndege, kile cha ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la mabati ambalo mlango wake ulitazama kiwanjani. Ndani ya banda hilo ndimo alimoijenga ndege yake, bomba kwa bomba, ubao kwa ubao. Injini aliitoa kwenye gari dogo lililogongwa nyuma na lori. Nyuma palikuwa chapati, lakini mbele pazima kabisa. Cheti cha urubani alikipata ukubwani, darasani akiwa na vijana waliomwita babu. Majirani nao walimwita Rubani wa Chini, kwa sababu kila siku walisikia mngurumo na hawakuona kitu kikipita angani.

Alikuwa akicheka nao. Wakati huo alikuwa na mtu wa kucheka naye nyumbani.

Mke wake aliondoka binti yao alipojifungua. Binti aliolewa mji mwingine, ng'ambo ya vilima, mji wa joto. Siku ya safari mzee alimsindikiza mpaka stendi, akamtafutia kiti cha dirishani, akasimama chini akishika ukingo wa dirisha.

"Nitakaa mpaka mtoto akaze shingo," mke wake alisema. "Halafu narudi."

Mzee aliona watu wanamtazama, basi kichwa kikamvimba. "Usirudi kwa basi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Kwa ndege."

Mama, kama alivyozoea kumwita mkewe, alicheka mpaka abiria wakageuka. "Haya, mzee wangu. Basi sipandi basi. Nakungoja wewe."

Ulikuwa mzaha tu. Lakini mtoto akakaza shingo, akakaa, akatambaa, na sasa alikuwa akishika ukuta na kujaribu hatua, na aliyesema hapandi basi hakupanda basi, na aliyesema atakuja hakwenda. Mzee angeweza kuondoka na basi la asubuhi akafika kabla jua halijazama. Lakini aende akaseme nini? Kila alipofikiria kusimama mlangoni kwa mkwewe, mikono mitupu, vumbi la basi miguuni, uso ulimwaka. Aliona heri ndege ikamilike kwanza. Na ndege ilikuwa imekamilika, isipokuwa hilo moja: ilikuwa ikichemka.

Nyumba nayo ilikuwa imebadilika. Tangu waoane walikuwa na vita vya dirisha la chumbani. Mzee ni mtu wa joto. Hata kipupwe hulala bila shuka. Mama ni mtu wa baridi. Huvaa soksi kitandani na sweta juani. Mmoja akifungua dirisha, mwingine hulifunga, na asubuhi kila mmoja humshtaki mwenzake kwamba amemuua. Sasa dirisha lilikuwa lake peke yake. Wiki za mwanzo alililaza wazi pande zote mbili, akajinyoosha kitanda kizima kama mfalme. Halafu siku moja akajikuta analifunga. Hakuwa na baridi. Alilifunga tu, akalala upande wake wa siku zote.

*

Ukitaka kujua mama huyo alikuwa mtu wa namna gani, ungetazama dashibodi ya ile ndege.

Kazi yake ya maisha ilikuwa dirishani, kwenye chumba cha dawa cha zahanati. Alitia vidonge kwenye vibahasha vya karatasi, akaandika juu kwa kalamu nene. Hakuandika jina la dawa. "Watu hawaumwi jina la dawa," alikuwa akisema. Aliandika kinachouma: KICHWA. TUMBO. KIFUA. Mgonjwa akifika nyumbani anajua kipi ni kipi hata bila kuuliza.

Basi dashibodi ilipokuwa tayari, mzee alimpa rangi nyeupe na brashi nyembamba, kwa kuwa mwandiko wa mama ulikuwa mzuri, akaenda zake kunawa. Aliporudi alikuta kazi imekwisha. Pampu ya mafuta imeandikwa KIU. Swichi ya taa imeandikwa GIZA. Breki imeandikwa HARAKA.

"Mama! Breki umeiandika haraka?"

"Ukizidiwa na haraka unavuta hicho, haraka inapona."

Mzee alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kitundu cha kuingiza upepo wa nje kilikuwa JOTO. Swichi inayounganisha hedifoni zao mbili, ili waweze kuongea humo ndani injini ikinguruma, ilikuwa KIMYA. Na kile kishikio cha hita, kinacholeta hewa ya moto miguuni kwa abiria, kilikuwa BARIDI, herufi zake kubwa kuliko zote, na chini yake amepiga mstari.

Hita hiyo ilikuwa yake hasa. Mzee aliitoa kwenye gari lilelile, kijirejeta kidogo cha kukaa chini ya dashibodi. Ukivuta kishikio, maji ya moto ya injini yanapita humo, na hewa inayopita juu yake inatoka ina moto. Aliielekezea kwenye kiti cha mama tu. Yeye hakuhitaji. Na tangu mama aondoke hakuwa amekivuta kile kishikio hata mara moja. Kilikuwa kama mkoba wa mtu, huufungui mwenyewe asipokuwepo.

Akayazoea maneno yale. Yalikuwa yamebaki kama lugha ya watu wawili, na mmoja wao hayupo.

*

Kuchemka kule alikupiga vita kwa kila alichojua. Kwanza alipanua mdomo wa boneti, pale mbele hewa inapoingia. Injini ikachemka upesi zaidi. Akapanua tena. Ikachemka kama imetukanwa.

Hapo akakumbuka kwamba kitu usichokiona huwezi kukibishia. Alihitaji kuiona hewa. Alitafuta nyuzi nyepesi nyumba nzima, akaishia kwenye sanduku la masweta la mke wake. Juu kabisa palikuwa na la kijani, halijamalizika, limebaki mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umeanzwa kidogo tu. Mzee alisimama nalo kwa muda. Halafu akasema moyoni, ni uzi kidogo tu. Akauvuta. Sweta la kufuma likishaanza kuachia huwa halisikii la mtu. Aliposhtuka, mkono ulioanzwa ulikuwa umekwisha na bega limeanza kufuata. Akalikunja upesi, akalirudisha chini kabisa ya sanduku.

Alikata vipande, akavibandika juu ya boneti, ndani ya mdomo wake na chini mahali hewa inapotokea. Akawasha injini, akatazama kupitia kioo. Zile nyuzi za mdomoni, ambazo zingepaswa kulala kuelekea ndani, zilikuwa zikitapatapa na kupinduka nje. Hewa ilikuwa ikifika mlangoni na kukataa kuingia, kwa sababu iliyotangulia haikuwa na pa kutokea. Siku zote alikuwa akipanua mlango wa mbele wa nyumba ambayo mlango wake wa nyuma umebanwa.

Alimwita jirani yake, mchomeleaji, waikate sehemu ya chini.

"Rubani wa Chini," jirani alisema, amelala chali chini ya ndege, "hii kitu si uifugie kuku? Kuku hawajali joto."

"Wewe choma, jirani. Mdomo upumzike."

"Mimi nina mdomo, wewe una ndege isiyopaa. Nani ana hasara?"

Walipanua mlango wa kutokea, wakaupachika ukingo wa bati uliobenuka nje ili upepo unaopita uivute hewa ya ndani. Nyuzi zikalala. Mshale nao ukawa mpole. Ulipanda taratibu, kwa heshima. Lakini ulipanda. Injini ikiachiwa nguvu zote kwa muda mrefu, kama inavyotakiwa wakati wa kupaa, mshale ulifika palepale kwenye nyekundu.

Ndipo binti alipopiga simu.

"Baba, shikamoo. Mama anaomba umtumie sanduku lake la masweta."

Mzee alikumbuka lile la kijani. "Huko si kuna joto?"

"Lipo, ila mvua ikinyesha anatetemeka, unamjua. Na baba..." Binti alishusha sauti. "Tumeongea hapa na mwenzangu. Tunaona mama akae moja kwa moja. Mtoto amemzoea. Na wewe uje. Unakaa huko peke yako unafanya nini?"

"Nina kazi."

"Kazi gani, baba?"

Akaomba aongee na mama yake. Simu ilipokewa katikati ya kilio cha mtoto na kishindo cha kitu kilichoanguka.

"Mzee wangu. Bado inachemka?"

"Kidogo."

"Na joto langu la miguuni lipo?"

"Lipo."

Huko ng'ambo mtoto aliacha kulia, kama naye anasikiliza.

"Hilo sanduku," mama alisema, "kama ni usumbufu..."

"Si usumbufu. Jumamosi lori la saruji linakuja huko. Nitalituma."

"Haya."

"Haya."

Alipokata simu alijiuma mdomo. Angesema neno moja tu, usilihamishe sanduku, rudi, lakini neno hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alilifunga sanduku kwa kamba, akaliweka karibu na mlango wa mbele. Kuanzia hapo kila alipotoka na kuingia ilimbidi alizunguke. Mtu akishahama masweta yake, amehama.

*

Mkaguzi wa ndege ndogo alifika Alhamisi, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa koti na tai juani. Alizunguka ndege akigusa hiki na kile, akaisifu kazi ya mabawa, akazitazama zile nyuzi za kijani bila kuuliza. Halafu akainamisha kichwa ndani, akasoma dashibodi. Akasoma tena.

"Mzee, hii ni ndege au duka la dawa?"

Mzee akamweleza. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho akijitahidi uso usimcheke.

"Nimekuelewa. Lakini sheria inataka kishikio kiseme kinachofanya, si kinachotibu. Ukizimia huko juu, abiria akaona HARAKA, si atadhani inaongeza mwendo?"

"Abiria wa ndege hii ni mmoja tu. Na ndiye aliyeandika."

"Yuko wapi?"

Mzee alijifanya anafuta kioo. "Kwa binti yetu."

Mkaguzi hakusukuma. Aliinama akachungulia chini ya dashibodi, akaonyesha ile hita. "Na hii ya nini? Mtu anayesumbuliwa na joto anabeba na hita! Mipira ya maji ya ziada, uzito wa ziada. Ing'oe, uzibe njia zake, labda maji yatazunguka vizuri zaidi."

Maneno yale yalikuwa na akili, na mzee mwenyewe yalikuwa yameshampitia kichwani zaidi ya mara moja. Alikuwa ameyafukuza. Sasa yalitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, mwenye koti na tai.

"Nitaing'oa," alisema taratibu. Akaona aongeze, "Mwenyewe hayupo hata hivyo." Mara tu alipoyasema maneno hayo, alitamani kuyarudisha.

"Basi tuiwashe kwanza, nione huo mshale."

Wakaifunga ndege kwa kamba kwenye kisiki mbele ya banda, wakaingia wote wawili, mkaguzi kwenye kiti cha mama. Mzee aliona vibaya kidogo kumtazama mtu mwingine akiufunga ule mkanda. Wakavaa hedifoni. Mkaguzi, mtu wa utaratibu, aliona swichi ya KIMYA imewashwa. Akasahau alichoelezwa, akadhani ndiyo inayowazibia sauti, akaizima. Mzee hakuona. Alikuwa akisukuma mafuta.

Injini ilinguruma, nyasi nyuma yao zikalala. Mshale ukaanza safari yake. Ndani kukawa na joto, milango imefungwa, jua linapiga kwenye kioo. Mkaguzi alilegeza tai. Alifuta paji la uso. Alisema kitu, lakini mzee aliona midomo tu ikicheza. Mshale ukakaribia nyekundu. Mkaguzi akatafuta kwa macho kitu cha kumsaidia kwenye dashibodi, akaliona neno kubwa kuliko yote, lililopigiwa na mstari. BARIDI. Joto lilishamsahaulisha maelezo yote; akakishika kishikio, akakivuta mpaka mwisho.

Hewa ya moto ilimwingia kwenye miguu ya suruali kama imetumwa. Mkaguzi aliruka, mkanda ukamrudisha kitini. Alipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Alikigeukia kitundu cha upepo, akakiona kimeandikwa JOTO, akakiogopa kama nyoka.

Mzee alikuwa anataka kucheka. Lakini jicho lake la fundi lilikuwa limeshaenda kwenye geji, na huko kicheko kikakatika. Mshale ulikuwa umesimama. Uliganda pembeni ya nyekundu, ukatetemeka, kisha ukaanza kurudi.

Mkaguzi aliunyoosha mkono kukifunga kishikio. Mzee akamdaka.

"Usifunge!" alifoka, na kwa kuwa hakusikika, akaiwasha KIMYA. "Usifunge! Tazama!"

"Miguu yangu inaungua, mzee!"

"Iache iungue! Tazama mshale!"

Walikaa hivyo, mmoja amemshika mwenzake mkono, jasho linawatiririka, wakitazama kijishale kikirudi nyuma kama mtoto aliyekanywa.

Injini ilipozimwa mkaguzi alitoka nje akapepea suruali yake. "Ni rejeta ya pili," alisema akihema. "Bila shaka. Hiyo hita ni rejeta ya pili, inayapoza maji ya injini. Wewe fundi wa mabasi, hukujua?"

"Mabasi yetu hita zilikuwa zimeng'olewa kabla hayajafika kwangu," mzee alisema. Lakini moyoni alijua haikuwa hiyo. Angejua zamani kama angekivuta kile kishikio. Hakukivuta, kwa sababu hakikuwa chake.

*

Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kupaa. Masharti ya mkaguzi yalikuwa mepesi kuyaelewa: aende peke yake, kwenye kiti cha pili pawe na gunia la mchanga lenye uzito wa abiria, na apande mpaka juu ya vilima kishikio kikiwa wazi, bila mshale kugusa nyekundu.

"Mkeo ana uzito gani?" aliuliza jirani mchomeleaji, koleo mkononi.

"Hilo hata mimi siruhusiwi kulijua."

"Basi najaza kwa kukisia. Nikizidisha, usimwambie."

Walilifunga gunia kwa mkanda. Lilikaa limejiinamia kidogo, kama mtu aliyechoka na safari kabla haijaanza.

Magurudumu yalipoiachia ardhi, mzee hakupiga kelele kama alivyofikiri siku zote kwamba atapiga. Aliona bati la banda lake likipungua, kamba ya kuanikia nguo nyuma ya nyumba ikiwa na shati moja, mtaa ukiwa kama kitu kilichomwagwa. Jirani alikuwa mahali fulani huko chini akipunga koleo. Kisha hakumwona tena.

Alikivuta kishikio cha BARIDI.

Joto lilikuja taratibu, likajaa. Lilianzia miguuni kwa gunia, likapanda, likamfikia. Jasho lilimtoka kifuani, mgongoni, likamwingia machoni. Alikifungua kile kitundu cha JOTO, upepo wa juu ukampiga usoni, mkali kama maji ya mtungi. Sasa miguu ilikuwa inaungua na uso unaganda. Ndivyo chumba chao cha kulala kilivyokuwa miaka yote: dirisha wazi juu, blanketi zito chini, na watu wawili kila mmoja akidai kwamba anauawa.

Mshale ulipanda, ukapanda. Ukasimama chini ya nyekundu, upana wa kidole. Haukuongezeka.

Aliyafikia mabega ya vilima. Ng'ambo aliiona barabara imejikunja kama mshipi uliotupwa, na juu yake basi moja, dogo kama punje, likielekea kule kwenye joto. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Aliiwasha KIMYA. Katika hedifoni alisikia pumzi zake mwenyewe, zikienda na kurudi.

"Unaona baridi?" aliuliza.

Pumzi yake ikamrudia masikioni, nzito, ya mtu mzima. Kwa miaka mingi alikuwa ameota kwamba akifika huku juu hatahitaji kitu kingine. Sasa alikuwa amefika, ndege ilikuwa inakwenda sawasawa, na kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa mtu wa kumwambia funga hilo dirisha.

Aligeuza, akashuka.

*

Mkaguzi, aliyekuwa akingoja bandani, aliutazama mshale, akamtazama mzee aliyelowa mpaka soksi, akampa mkono. "Hongera. Nimeridhika. Bandika kibao kwamba wakati wa kupaa hita iwe wazi. Limebaki moja, mzee: maneno yale. Kabla hujampakia mtu yeyote, yafutwe yaandikwe upya."

Alipoondoka, mzee alichukua kikopo cha rangi nyeupe, brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Akaingia, akakaa, akakiinua kitambaa mbele ya HARAKA. Akakishusha. Akajaribu kwenye GIZA. Kila herufi ilikuwa na ule mkia mdogo ambao mama huupiga mwishoni, kama anamwambia mgonjwa haya, nenda sasa. Mkono ulimkatalia.

Mbele ya nyumba honi ya lori ililia. Mzee alitoka akifuta mikono. Dereva alikuwa ameshalishika kwa kamba sanduku lililokuwa limesimama mlangoni siku zile zote.

"Ni hili, mzee?"

"Ndilo." Kisha, "Hapana. Liweke chini. Haliendi."

"Uliniambia linaenda."

"Nilikosea. Samahani, mwanangu. Liweke."

Lori lilipoondoka alikaa juu ya sanduku hilohilo, akapiga simu kabla moyo haujabadilika.

"Mzee wangu. Lori limepita?"

"Limepita. Sanduku nimelikalia."

"Kwa nini?"

"Ndege imeruka, mama."

"Imechemka?"

"Haikuchemka. Joto lako ndilo lililoipoza."

"Unasema nini wewe?"

Akamweleza yote: nyuzi za upepo bila kusema zilitoka wapi, mkaguzi na suruali yake, gunia la mchanga. Alipofika kwenye mkaguzi, mama alianza kucheka, kile kicheko cha stendi, na mzee aliibana simu sikioni kisimwagike.

"Kwa hiyo ulikivuta? Wewe, mtu wa joto?"

"Nilikivuta. Nimeiva." Akajisogeza juu ya sanduku. "Lakini mkaguzi anataka maneno yako yafutwe. Nisimpakie mtu mpaka yaandikwe mengine."

"Si uandike."

"Mwandiko wangu mbaya."

"Mwandiko wako si mbaya."

"Ni mbaya, mama."

Mzee akasikia mama anaelewa. "Kwa hiyo," mama alisema polepole, "mimi siwezi kupanda ndege mpaka maneno yaandikwe. Na maneno hayaandikwi mpaka mimi niwe huko."

"Ndivyo."

"Na mimi nilisema sipandi basi."

"Ulisema." Mzee aliyatazama mabega ya vilima. Ule mwiba ulikuwa bado pale kooni, akausukuma. "Nitapanda mimi. Jumatatu, la asubuhi. Nije nikuchukue kwa basi. Kama bado unataka kuchukuliwa."

Ng'ambo mtoto alisema neno ambalo bado halijawa neno.

"Basi uje na lile sweta langu la kijani," mama alisema, na sauti yake ilikuwa na maji. "Limebaki mkono mmoja tu. Madirisha ya mabasi hayafungi. Nitalimalizia njiani."

Mzee aligeuka akatazama kupitia mlango wa nyuma, mpaka bandani. Juu ya boneti nyuzi za kijani zilikuwa zikicheza taratibu katika upepo, zote zimelala upande mmoja.

"Hilo la kijani," alisema, "tutaongea nikifika."